Matembezi ya Belgravia: Aila Mbili na Ardhi Moja

Wasafiri wengi watokao kwetu, wafikapo London, huanza kwa kuitafuta kasri ya mfalme, madaraja ya Mto Thames na saa kubwa ya Bunge, na mimi siwalaumu, kwani mtu hupenda kuyaona kwa macho yake yale aliyoyaona utotoni katika picha za vitabu vya shule. Lakini mimi, niliyezaliwa katika ukoo wa waashi wa Unguja, na niliyekulia mahali ambapo mazungumzo ya barazani baada ya sala ya alasiri aghalabu yalikuwa juu ya chokaa, boriti na mipaka ya viwanja, nilikuwa na haja nyingine. Nilitaka kuuona mtaa ulio nyuma ya ukuta wa bustani ya kasri hiyo, uitwao Belgravia, ambao ardhi yake iliingia mikononi mwa aila moja mwaka 1677 na sehemu yake kubwa haijatoka hata leo, na ambao nyumba zake nyingi zilijengwa na aila nyingine iliyotoka katika useremala wa kijijini ikapanda hadi kuoana na ufalme. Kwetu nimeona mara nyingi jinsi kazi ya ujenzi inavyokufa pamoja na mwanzilishi wake, na jinsi kiwanja alichokinunua babu kwa jasho kinavyokatwa vipande na wajukuu hata kisimfae yeyote. Nikatamani kujua wenzetu walitenda nini, kwa kheri na kwa shari, hata mambo yao yakadumu.

Katika stesheni ya Victoria alinipokea mzee mmoja wa Kiunguja, aliyehamia Uingereza zamani na akaishi kwa kazi ya lipu na rangi hata nguvu zikamwishia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tutakwenda kwa miguu, maana nyumba haijulikani kwa kupitiwa na gari."

Tulivuka barabara moja yenye kelele za mabasi, tukapinda, na mara kelele zikatuacha. Eaton Square ni uwanja mrefu wenye bustani zilizozungushiwa vyuma vyeusi, na pande zote mbili zimesimama nyumba zilizoshikana bega kwa bega, ghorofa nne au tano, kila mlango una ukumbi wa nguzo, na zote zina rangi moja ya malai, kana kwamba mtu mmoja alichovya brashi yake mwanzo wa mtaa asiitue mpaka mwisho. Mzee alinyosha mkono akagonga ukuta wa nyumba moja kwa kifundo cha kidole. "Wadhani ni jiwe hili? Ni tofali lililovikwa lipu, kisha lipu ikachorwa mistari ingali mbichi ili ionekane mawe yaliyochongwa. Nimezikwangua na kuzipaka nyumba hizi miaka mingi, na rangi si ya kuchagua. Imo katika mkataba. Aishiye ndani ana mali ya kununua meli, lakini hawezi kuupaka mlango wake wa mbele kama apendavyo bila ruhusa ya mwenye ardhi."

Akanionyesha pia, kando ya miguu yetu, vifuniko vya chuma vya duara vilivyolazwa katika mawe ya njia ya waendao kwa miguu, kila kimoja mbele ya mlango wake, vyenye nakshi zilizolainishwa na viatu vya vizazi. Zamani mchukuzi wa makaa ya mawe alikifunua kifuniko, akamwaga gunia lake, makaa yakatelemka mpaka ghala iliyo chini ya barabara, bila ya yeye kuikanyaga nyumba wala kuonana na watu wake. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vichochoro vilivyokuwa mabanda ya farasi na makazi ya wasimamizi wao, na leo mabanda hayo ni nyumba ambazo mfanyakazi wa kawaida wa London hathubutu kuuliza bei zake. Kwa hakika aliyeupanga mtaa ule alikuwa amefikiri kila jambo kabla ya kulaza tofali la kwanza: bwana aingie wapi, mtumishi aingie wapi, farasi walale wapi, na makaa yapite wapi.

Asili ya mambo yote haya ni mtoto mchanga wa kike. Hugh Audley, mkopeshaji wa fedha aliyekuwa mashuhuri kwa ukwasi, alifariki mwaka 1662, na ardhi aliyokuwa nayo magharibi ya London ikamfikia jamaa yake Alexander Davies, mwandishi wa hati, ambaye naye alichukuliwa na tauni ya mwaka 1665 akimwacha binti aitwaye Mary aliyekuwa bado akinyonya. Ardhi ile ilikuwa eka kama 500 za malisho, mabustani ya mboga na vinamasi, na thamani yake ilikuwa katika matumaini kuliko katika mavuno. Mwaka 1677, Mary akiwa na umri wa miaka 12 tu, jambo ambalo sheria ya Waingereza wa leo isingelikubali kamwe, aliozwa Sir Thomas Grosvenor, kijana wa miaka 21 kutoka nyumba ya kale ya Cheshire. Maisha ya bibi huyu hayakuwa ya raha, kwani baadaye alipatwa na maradhi ya akili, na watu wa tamaa wakamzunguka baada ya mumewe kufariki mwaka 1700. Lakini atembeaye Mayfair leo hukanyaga Davies Street na Audley Street, na jina la baba yake na la yule mkopeshaji husomwa ukutani na wapitao wasiojua habari zao.

Mwana wa Mary, Sir Richard Grosvenor, alianza mnamo mwaka 1720 kuigeuza sehemu ya kaskazini ya ardhi ile, yaani Mayfair ya leo, kuwa mji, na njia aliyoifuata ndiyo siri ya nyumba yao. Hakujenga kwa fedha zake, wala hakuiuza ardhi. Alizipima barabara, akaacha uwanja mkubwa katikati, kisha akawapa wajenzi viwanja kwa mikataba ya miaka mingi: mjenzi alilipa kodi ndogo mno katika miaka ya mwanzo, akajenga kwa gharama zake mwenyewe akifuata ramani na masharti ya mwenye ardhi, akaiuza haki yake ya muda uliobaki kwa mwenye kutaka kukaa, na muda ulipokwisha, ardhi pamoja na nyumba iliyo juu yake vikarejea kwa mwenye ardhi. Msomaji wa Tanzania Bara aliyezoea hati ya miaka 33, 66 au 99 ataitambua sura ya jambo hili. Ila kwetu mwenye ardhi ni taifa, maana umilikaji binafsi wa milele ulikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1963, na pale mwenye ardhi ni nyumba ya mtu mmoja.

Belgravia ilingoja karne nzima baada ya Mayfair. Ilikuwa nyika ya kinamasi iliyoitwa Five Fields, ambayo watu waliogopa kuipita usiku kwa sababu ya wanyang'anyi, mpaka Mfalme George wa Nne alipoanza, mwaka 1825, kuigeuza nyumba ya Buckingham kuwa kasri, na mara watu wa jaha wakataka kukaa jirani. Ardhi ilikuwapo, na wateja walikuwapo. Alitakiwa mtu wa kuyashinda maji. Mtu huyo alikuwa Thomas Cubitt.

Cubitt alizaliwa mwaka 1788 katika kijiji cha Buxton, Norfolk, mwana wa seremala, na ujanani mwake alisafiri mpaka Bara Hindi akiwa seremala wa merikebu, safari ambayo mtu wa pwani hatashindwa kuithamini. Aliporudi na kufungua kazi London, aliuona upungufu wa desturi ya zama zile. Mwenye kutaka kujenga ilimlazimu apatane na mwashi peke yake, seremala peke yake, fundi wa bomba peke yake na mpaka rangi peke yake, na mmoja akichelewa wote hukaa bure, kila mmoja akimsingizia mwenzake. Baada ya kupata kazi kubwa ya jumba la London Institution mwaka 1815, Cubitt aliwakusanya mafundi wa kila aina katika karakana moja na kuwalipa mshahara wa kudumu, jambo ambalo wajenzi wa London hawakuwa wakilifanya. Lakini mwenye kuajiri watu mamia kwa mshahara wa kila juma hana budi awatafutie kazi ya kila juma, na kazi za kuitwa na watu huja na kukatika. Ndipo alipoanza kukodi ardhi yeye mwenyewe na kujenga nyumba kabla ya mnunuzi kujulikana, ili mikono ya mafundi wake isilale. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko nguzo zote za Eaton Square, ya kwamba mtaa wa mamwinyi ulizaliwa na haja ya seremala kuwapa mafundi wake riziki isiyokatika.

Kinamasi alikitendea kwa akili ya fundi. Aliuchimba udongo wa mfinyanzi uliozuia maji, akauchoma palepale kuwa matofali, na shimo lililobaki akalijaza kwa mchanga na kifusi kilicholetwa kwa mashua kutoka upande wa mashariki wa jiji, ambako ilikuwa ikichimbwa bandari ya St Katharine. Kando ya bandari hiyo bado lasimama ghala liitwalo Ivory House, ambamo katika karne ile ziliwekwa pembe za ndovu zilizouzwa London, na Afrika ya Mashariki ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotoa pembe hizo. Basi udongo uliotolewa kuipisha bandari ya biashara ya makoloni ndio uliolala chini ya nyumba za walioneemeka kwa biashara hiyo.

Kutoka Belgravia, Cubitt aliendelea hadi Pimlico, akajenga Osborne, nyumba ya Malkia Victoria katika kisiwa cha Wight, na upande wa mbele wa kasri ya Buckingham. Karakana yake ya kando ya mto ilipoteketea mwaka 1854, vyombo vya mafundi vikaungua pamoja nayo, na yeye, mbele ya hasara yake mwenyewe, aliahidi kutoa pauni 600 za kuwasaidia kununua vyombo vipya. Alifariki mwaka uliofuata akiacha mali iliyozidi pauni milioni moja na wasia wa kurasa 386. Sanamu yake yasimama Pimlico, katika Denbigh Street, naye yumo kazini, akipima.

Je, kazi ile ilikuwaje baada yake? Alikuwa na nduguze wawili, William aliyeiendeleza kampuni ya ujenzi na kuwa meya wa London, na Lewis aliyeichora stesheni ya King's Cross iliyofunguliwa mwaka 1852. Na wote walikuwa mafundi au wenye kuwaongoza mafundi. Lakini George, mwana wa Thomas, aliingia Bungeni, na mwaka 1892 akapewa cheo cha Lord Ashcombe; jina la Cubitt katika ujenzi likaendelea kwa kuunganishwa na kampuni nyingine, likashiriki kulijenga jumba la muziki la Royal Festival Hall la mwaka 1951, na katika miaka ya 1970 kampuni ikamezwa na kubwa zaidi. Nasaba haikukatika, kwani Malkia Camilla wa leo ni wa kizazi cha sita kwa kumhesabu Thomas kuwa wa kwanza. Kilichokatika ni ufundi. Aila iliyoishi kwa mikono ilipopata utukufu iliiacha mikono, ilhali aila iliyoishi kwa ardhi iliendelea kuishika ardhi.

Nilimwuliza mzee wangu, tulipokuwa tumekaa kupumzika katika Grosvenor Square, kama huko kushika hakuna mwisho. Akacheka, akanielekeza jumba kubwa la upande wa magharibi lililokuwa ubalozi wa Marekani tangu mwaka 1960 mpaka walipohamia ng'ambo ya mto mwaka 2018. Husimuliwa kwamba Wamarekani, waliozoea kununua ardhi ya balozi zao kokote duniani, walitaka kuinunua na ile, na Grosvenor wakajibu kwamba watauza siku Marekani itakapowarudishia mashamba yao ya Florida yaliyotwaliwa baada ya vita vya uhuru. Basi dola kubwa ikaridhika na mkataba wa kukodi wa miaka 999, na mkataba huo baadaye ukanunuliwa na kampuni ya Qatar. "Nimemfanyia kazi mwenye nyumba mmoja mtaa huu," akasema mzee, "mkataba wake ulikuwa umebaki miaka michache, na kila mwaka ukipita alizeeka miwili. Mwanangu, kukaa katika nyumba ya fahari ukihesabu siku za kuipoteza si raha."

Maneno yake yana ushahidi katika historia ya sheria. Malalamiko ya wapangaji wa muda mrefu yaliifanya serikali itunge sheria ya mwaka 1967, iliyowapa baadhi yao haki ya kuinunua ardhi iliyo chini ya nyumba zao hata kama mwenye ardhi hataki. Wadhamini wa mali ya Grosvenor walilipeleka shauri mbele ya mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya huko Strasbourg, wakalalamika kwamba wamenyang'anywa nyumba takriban 80 za Belgravia, na mwaka 1986 wakashindwa. Sheria ilipopanuliwa mwaka 1993, mkuu wa aila ya Grosvenor wa zama hizo, mwenye cheo cha Duke, alijitoa katika chama cha Conservative kwa hasira. Kadhalika, kifo cha Duke wa pili mwaka 1953 kilileta kodi ya mirathi nzito mno, na katika miaka hiyo Pimlico, mtaa wa jasho la Cubitt, ukauzwa. Basi hata kasri hizi zina nyufa.

Lakini nyufa si anguko, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba cheo na uongozi wa mali hushuka kwa mwana wa kiume peke yake: Duke wa sita alipofariki mwaka 2016, mali iliyokadiriwa kuwa pauni bilioni tisa ikawa chini ya kijana wa miaka 25, Hugh, ambaye alikuwa na dada wawili waliomzidi umri. Ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo si ya Duke kwa jina, bali imo katika amana zinazosimamiwa na wadhamini kwa manufaa ya dhuria, na amana hulipa kodi isiyozidi asilimia sita kila baada ya miaka kumi, pahala pa asilimia 40 ambayo mrithi wa kawaida hukatwa, mzazi wake akifa, katika mali iliyozidi kiwango kilichosamehewa. Zamani, kwa kuwa sheria yao haikubali amana isiyo na mwisho, baba na mwana mkubwa walikaa pamoja mwana alipobaleghe kisheria, wakaiandika upya kwa kizazi kingine. Wakafanya hivyo kizazi baada ya kizazi.

Niliposikia hayo, nilimwomba mzee tutembee mpaka Whitehall, mahali ilipo Downing Street, ambako zamani lilikaa baraza la majaji lililosikiliza rufani za makoloni. Mwaka 1894 baraza hilo liliamua, katika shauri la Bara Hindi, kwamba wakfu wa kumnufaisha dhuria wa mwenye kuuweka, na maskini wakafikiwa tu dhuria akisha, ni batili, kwa kuwa sadaka yake ni ya jina tu. Wahindi walihitaji sheria ya mwaka 1913 kuyatengua hayo. Na sisi wa pwani tulifuatishwa mkondo uleule, hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 shauri lililotoka Kenya likaamuliwa vivyo hivyo hapo hapo, na Kenya nayo ikahitaji sheria yake ya kuzihalalisha wakfu za namna hiyo. Mji uliowaruhusu mamwinyi wake kuifunga ardhi kwa ajili ya watoto wao, kwa kalamu ya wanasheria hodari, ulimwambia mzee wa Mombasa kwamba kuifunga nyumba yake kwa ajili ya watoto wake si halali. Insafu haikuwapo katika hukumu zile, na haifai kulisema kwa kunong'ona.

Hata hivyo, lawama kwa wakoloni haitatuezekea paa. Kizuizi kile kilikwisha ondoka, na bado nyumba za Mji Mkongwe, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zaanguka huku warithi thelathini wakishindwa kupatana nani anunue chokaa. Mirathi yetu ina uadilifu ambao ile ya Grosvenor haina, kwa sababu haimnyimi binti wala mdogo. Lakini uadilifu wa kugawa hisa si lazima uwe ubomozi wa nyumba. Wasia wa Mwislamu hauvuki thuluthi wala haumpi mrithi bila ridhaa ya wenzake, kwa hiyo mwenye kungoja mauti ili apange mambo amekwisha chelewa. Njia iliyo wazi ni kuweka wakfu akiwa mzima, au kuunda shirika la aila ambalo kila mrithi, mume kwa mke, ana hisa yake katika pato pasipo yeyote kukata ukuta.

Ewe msomaji uliyejaaliwa kiwanja, nyumba au karakana ya ujenzi, nakuomba ufanye mambo manne mwaka huu. Hakikisha hati na vipimo vya mipaka viko kwa jina sahihi. Andika, mbele ya kadhi na mwanasheria, nani ana haki gani katika pato, mabinti wakiwamo kwa majina yao. Mteue mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, atakayetoa hisabu iliyoandikwa kila mwaka, na uandike jinsi ya kumwondoa akikhini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo Zanzibar, na Kenya ina tume yake, na kazi yao ni hiyo. Mwisho, wafunze watoto kazi yenyewe, wachanganye chokaa na wasome ramani kabla hawajaketi katika kiti cha mkurugenzi, na kila kizazi kikikomaa, keti nacho muuandike mkataba upya. Grosvenor waliyafanya matatu ya mwanzo, ingawa waliwaacha mabinti, kwa miaka zaidi ya 300, na Cubitt akalifanya la nne kwa maisha yake tu. Sisi tunaweza kuyafanya yote manne, na hakuna sheria leo inayotuzuia.